Maji ya Mtungi wa Abubakari

Bi Sikuzani wa Chanzuru alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna aliyethubutu kuvichezea: magoti yake na mtungi wake. Magoti ungeweza kumpa pole, akakuitikia vizuri tu. Lakini mtungi! Uuguse vibaya uone. Kuna bwana mmoja aliwahi kunawa miguu kwa maji ya mtungi ule, na mpaka leo akifika pale anahamia upande wa pili wa barabara.

Msimlaumu mapema. Mtungi haukuwa wake, ulikuwa wa marehemu. Mumewe, Abubakari, alikuwa fundi baiskeli. Miaka zaidi ya thelathini alikaa kwenye kibanda chake kando ya barabara ya Kimamba akiziba pancha, na kila aliyesimama pale, awe na pancha asiwe nayo, alipewa maji kwanza ndipo akaulizwa shida. Alipofariki, siku ya arobaini, watu walipomaliza kusoma hitma na kula pilau, Bi Siku alitoka na mtungi mpya wa udongo akauweka kwenye kibanda kile. Akaufunika kwa kisahani, akaweka kikombe cha bati juu yake, akasema mbele ya watu wote: "Maji haya ni sadaka ya mume wangu. Hayatakauka nikiwa hai."

Ahadi tamu hiyo, tena rahisi, wakati kisima kimejaa nyuma ya nyumba. Mvua za mwaka uliofuata zikaja na mafuriko, kisima kikaporomoka kikajaa tope. Kiangazi kilipoingia, bomba la mtaa likawa linatoa maji siku mbili kwa wiki, siku nyingine zote linakohoa hewa. Bi Siku akagawanya maji yake kama mgonjwa anavyogawanya vidonge. Haya ya kupikia, haya ya udhu, haya ya mtungi. Mwisho yakawa hayagawanyiki tena.

Siku mtungi ulipokauka alikuwa dirishani, nyuma ya pazia. Bonifas, mbeba mkaa wa Kimamba, aliegesha baiskeli yake na magunia yake mawili, akafunua, akachungulia. Hakuna kitu. Bwana wewe, yule kijana hakulalamika. Alirudisha kisahani polepole kisilie, akaweka kikombe juu yake, akasema kwa sauti, akijua kabisa kwamba yuko mtu dirishani: "Ahsante, Bi Siku. Mungu amrehemu mzee."

Kushukuriwa kwa mtungi mtupu! Bi Siku alikaa kitandani akalia mpaka kanga ikalowa.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo mwenyewe hapendi lisemwe. Abubakari alikuwa na wake wawili. Bi Siku ndiye mkubwa, na Mungu hakumjalia mtoto. Mwaka wa kumi na mbili wa ndoa yao, Abubakari akaoa mwingine kule Mikumi, akazaa naye binti mmoja, Yusrah. Tangu hapo Bi Siku hakulitamka jina la mke mwenzake hata mara moja. Alimwita "yule wa Mikumi", kama anataja kituo cha basi. Na Abubakari siku zote alikuwa "mume wangu", hata msibani, mbele ya mwenzake aliyekaa mkeka wa pili amejifunika kanga anatetemeka kwa kilio.

Basi wiki moja baada ya mtungi kukauka, nani anashuka kwenye bodaboda mlangoni, vumbi lote la njia ya Zombo likiwa kichwani mwake? Yusrah. Binti wa miaka ishirini na sita, begi la vifaa mgongoni, chupa ya maji mkononi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba."

"Nimesikia mtungi wa baba umekauka."

"Umesikia kwa nani?"

Macho yalimponyoka Yusrah yakaenda kwenye nyumba ya jirani. Kwa jirani pale anaishi Limi, Msukuma, yeye na mumewe Casmir na watoto sita. Walihamia na ng'ombe wao miaka tisa iliyopita, na tangu wiki ya kwanza yeye na Bi Siku wakawa wanataniana bila huruma. Bi Siku humwambia Limi kwamba amekuja na ng'ombe kwa sababu binadamu walimkataa. Limi humwambia Bi Siku kwamba Wasagara, kabila lake, wanalima tuta moja kisha wanalala usingizi wa matuta kumi. Muda wote huo Limi alikuwa nyuma ya ua, anapepeta mchele usio na pumba.

Yusrah akaeleza lililomleta. Anafanya kazi Mikumi, kwenye hoteli moja ya watalii, kitengo cha maji. Kule maji ya kufulia mashuka hayamwagwi, yanasafishwa yanatumika tena. Kwa miezi mingi amekuwa akikusanya vifaa vya kutengeneza mtambo mdogo, wa nyumba moja au mbili.

"Maji ya chooni hayamo, mama mkubwa, hayo yana shimo lake. Hapa ni ya kufulia, ya kuogea na ya vyombo. Pipa la kwanza linabakiza povu na mafuta. La pili kokoto na mchanga. La tatu mkaa. Yanateremka yenyewe, hayahitaji umeme. Mwisho pampu ndogo inayasukuma kwenye chujio ambalo vitundu vyake jicho halivioni, halafu yanapita kwenye taa ya kuua vijidudu. Kipande hiki cha sola kinatosha kuendesha vyote. Redio ya baba wa jirani inakula umeme zaidi."

"Umkome Casmir wangu!" akadakia Limi kutoka uani kwake, mchele umemshinda. "Na maji ya kufulia yako hapa, binti. Nina watoto sita wanaogaragara kutwa. Bi Siku, utakunywa jasho la Wasukuma mpaka uote pembe."

Bi Siku hakucheka. Alikuwa anafikiria mtungi. Akasema, "Haya, fanya. Kwa ajili ya mtungi wa mume wangu."

Yusrah alifanya kazi siku nne. Alipanga mapipa kwenye ngazi ya matofali, akachimba mfereji hadi kwa Limi, akapanda bati kufunga sola. Na nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo kosa lilipozaliwa: siku zote nne Bi Siku, mwanamke anayewapa maji watu asiowajua majina, hakumkaribisha yule binti hata kikombe kimoja. Chakula alimpa, mahali pa kulala alimpa. Maji hakumpa. Yusrah alikunywa ya kwenye chupa yake, ilipoisha akaenda kuijaza kwa Limi.

Wiki za mwanzo maji yote yalimwagiliwa mchicha. Yusrah alirudi mara tatu kuchukua sampuli, akazipeleka maabara Morogoro. Majibu ya mara ya tatu yalipokuja kwamba yanafaa kunywewa, Bi Siku akaenda kumuuliza imamu. Imamu akayatazama kwenye glasi, akayanusa, akasema kama hayana rangi wala harufu wala ladha iliyobadilika, basi ni maji twahara kama maji mengine. Akayanywa palepale na kuomba ya pili.

Mtungi ukajaa. Weee! Barabara ya Kimamba ikachangamka upya. Wauza mboga, wabeba mkaa, madereva wa bodaboda, wote wanapiga breki pale. Kwa nini yalikuwa baridi na mepesi kuliko ya kisima kile cha zamani, mimi sijui, ila kila mtu alisema hivyo. "Mungu amrehemu mzee," walisema, na kila waliposema, moyo wa Bi Siku ulitulia kama mtoto aliyeshiba.

Lakini mwenyewe hakuyanywa.

Kila siku alinunua dumu moja kwa muuza maji wa mkokoteni, mtu ambaye hata yeye mwenyewe ukimuuliza amechota wapi alianza kwanza kukuna kichwa. Dumu akalificha chini ya kitanda. Si kwamba alikuwa na kinyaa. Hilo imamu alikwisha kulimaliza. Kila alipoinua kikombe cha maji ya mtambo aliona mikono ya yule binti, na nyuma ya mikono ya binti aliona ya mama yake. Akakirudisha chini. Maji ya Mikumi hayapiti kooni mwangu, alijiambia. Wapite watu, wanywe, Abubakari apate thawabu zake, na mimi nibaki na dumu langu. Aliona amelipanga jambo vizuri sana.

Thubutu! Mwezi wa pili tumbo likamkamata. Kuharisha, kutapika, macho yakaingia ndani. Limi alimkuta amejikunja sakafuni asubuhi, akampakia kwenye pikipiki ya Casmir, yeye nyuma amemkumbatia asidondoke, wakaenda hadi zahanati.

Nesi aliyekuwa zamu aliitwa Debora, mtu wa kazi, haongei sana. Alimpima, akamtundikia dripu, akafungua daftari.

"Bibi, nyumbani unakunywa maji gani?"

Kabla hajafungua mdomo, Limi akamjibia. Huyo ndiye Limi. "Ya mashine, nesi. Binti yao aliwafungia mtambo wa kusafisha maji ya kufulia. Tunakunywa mtaa mzima, na wapita njia wote."

Kalamu ya Debora ikasimama. "Maji ya kufulia? Wapita njia wote?"

"Ndiyo. Mazuri kweli."

"Hapana," akasema Debora, na akaanza kuandika kwa haraka. "Huo mtungi ufungwe leo. Na hiyo mashine izimwe. Natoa taarifa sasa hivi, kabla hatujapata wagonjwa wengine."

Bi Siku alikuwa amelegea, ulimi umekauka, lakini hilo alilisikia. Mtungi ufungwe. Akilini aliona mtungi umefunikwa moja kwa moja na Bonifas akipita bila kushika breki. Angeweza kunyamaza. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua habari za chini ya kitanda. Lawama zingekuwa za mtambo, na za yule aliyeufunga. Ni neno moja tu lilikuwa linatakiwa, na neno hilo lilikuwa la aibu.

"Usiandike, mwanangu," alisema. "Mimi siyanywi."

"Huyanywi nini?"

"Maji ya mashine. Sijawahi kuyanywa hata tone. Nanunua ya mkokoteni. Dumu liko chini ya kitanda."

Debora akamgeukia Limi. "Kuna mwingine anayeumwa tumbo huko kwenu?"

"Hakuna," alisema Limi taratibu. "Hata watoto wangu. Hakuna."

Debora alifuta alichoandika, akaandika kingine kuhusu mkokoteni, na huyo muuza maji alifuatwa siku ileile. Kisha akatoa pakiti za dawa ya chumvi na sukari, ile ya kurudisha maji mwilini, akaziweka kwenye kiganja cha Bi Siku. "Hizi zinataka maji safi na salama. Umeshaniambia mwenyewe yako wapi."

Njia nzima ya kurudi Limi hakutania. Limi! Mwanamke anayemtania hata maiti. Alimlaza Bi Siku kitandani, akainama akalivuta lile dumu, akalimwaga uani lote. Aliporudi akasimama mlangoni.

"Miezi miwili nawanywesha wanangu kwa sababu wewe umesema ni maji mazuri. Kumbe unatugawia usichokitaka mwenyewe."

"Limi..."

"Ulale. Nimeshampigia simu binti."

Bi Siku hakulala. Aliwaza: kama sadaka ni kutoa kilicho chako kizuri, je, miezi miwili nimemtolea Abubakari nini? Watu wote wale walisema Mungu amrehemu, na mimi nyuma ya pazia nawapa nilichokikataa. Hofu ikamshika, si ya kufa, ya kukutana naye huko alikokwenda akamuuliza, Siku, maji yangu uliyafanya nini? Aliomba msamaha mpaka sauti ikaisha.

Yusrah alifika mchana wa siku ya pili. Alikwenda kwenye mtambo akakinga maji kwenye jagi, akamimina pakiti moja, akakoroga, akaja akakaa ukingoni mwa kitanda na kijiko.

"Ngoja," alisema Bi Siku. "Kwanza nikwambie. Sikuwa nayanywa."

"Najua, mama mkubwa."

"Limi kakwambia."

"Limi kaniambia unaumwa. Hilo la kutokunywa nililijua zamani. Siku nne nilizokaa hapa, kila mpita njia ulimwambia pole, maji hakuna, na ukaumia. Mimi ulikuwa unaona nakwenda kujaza chupa kwa jirani. Nikajua, kama hawezi kunipa maji, hawezi kuyanywa yangu."

Ala! Yalivyomwingia maneno hayo, ni bora angetukanwa.

"Ukijua hivyo, kwa nini uliendelea kuja? Kutoka Mikumi, na vumbi lote lile?"

Yusrah alikoroga jagi ambalo lilikwisha korogeka. "Wewe uliishi naye miaka yote. Sisi tulimpata siku mbili tu kwa wiki. Alipofariki, nilikuwa nyuma kabisa, hata jeneza sikuliona vizuri. Mama akaniambia, nenda huko Chanzuru, mama yako mkubwa ameweka mtungi, hiyo ndiyo kazi ya mtoto, kamsaidie usikauke. Nami sina kingine cha kumpa baba."

"Mama yako ndiye alisema hivyo?"

"Ndiye aliyenunua ile sola. Aliuza cherehani yake."

Bi Siku alifumba macho. Kipande kile cha sola alikuwa akikifuta vumbi kila asubuhi kwa kanga yake mwenyewe. Machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hayakuwa ya uchungu tu. Alikuwa amehesabu kwamba Mungu alimnyima mtoto na kumpa mke mwenza, na muda wote huo walikuwa wawili wanamshika mkono gizani, na yeye anaipiga vibao mikono yao akidhani ni ya adui.

"Nipe," alisema, akafungua mdomo.

Alikunywa jagi lote. Jioni akanywa la pili. Siku ya tatu akaamka, akaoga, na maji ya kuogea akayasindikiza kwa macho mpaka yalipoingia kwenye pipa la kwanza. "Nendeni mrudi," akayaambia.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini na wabeba mkaa wakirudi kutoka sokoni Kilosa, Bi Siku alisimama kando ya mtungi, magoti na yote. Alimwita Limi, akamwita Casmir, akamzuia Bonifas na baiskeli yake. Walipotimia watu kumi na zaidi akawaambia yote. Maji haya yanatokana na ya kufulia na ya kuogea, ya kwangu na ya kwa Limi. Yamesafishwa, yamepimwa. Nami niliyewapa sikuwa nayanywa, nilikuwa nanunua ya mkokoteni na yakaniangusha. Naomba mnisamehe.

Bonifas alikuwa na kikombe mkononi, hajakinywa.

"Bi Siku," alisema, "habari za kufulia tulizijua. Limi alituambia siku ya pili, tena akasema nikinywa sana nitaanza kuchunga ng'ombe. Hilo la kutokunywa ndilo jipya." Akatazama ndani ya kikombe. "Hilo limeniuma kidogo."

"Una haki, mwanangu. Nipe hicho kikombe."

Akampa. Bi Siku akasema bismillahi, akanywa mbele yao wote, taratibu, mpaka tone la mwisho. Yalikuwa baridi na mepesi, kama walivyosema. Miezi miwili alikuwa amejinyima maji matamu kuliko yote Chanzuru kwa ukaidi wake mwenyewe.

"Mh, sasa pembe zitaota," alisema Limi, na sauti ya utani ilikuwa imerudi. Watu wakacheka. Bonifas akadai kikombe chake akanywa viwili, na kila aliyekuwa pale akanywa.

Yusrah alikuwa amesimama nyuma ya watu, begi mgongoni, anasubiri bodaboda ya kumrudisha Mikumi. Bi Siku alisuuza kikombe, akakijaza hadi ukingoni, akawapita wote akamfikia.

"Karibu maji, mwanangu."

Yusrah alikipokea kwa mikono miwili. Akanywa, akamaliza, akakirudisha akianza kushukuru.

"Ahsante niseme mimi," alisema Bi Siku. "Na ile chupa yako iko wapi?"

Ilikuwa pembeni ya begi, tupu. Bi Siku aliichukua, akarudi nayo kwenye mtungi, akachota na kumimina, akachota na kumimina, bila kumwaga hata tone. Akaifunga kwa nguvu, akaifuta kwa kanga.

"Hii usiinywe njiani. Mpelekee mwenzangu. Mwambie ni maji ya mume wetu."